Umepandisha Debian, seva imegoma kuwaka: dalili za diski na vyanzo vyake

Seva ilikuwa inafanya kazi vizuri. Umeipandisha mfumo endeshi wake wa Linux kutoka Debian 12 kwenda Debian 13, `apt full-upgrade` imemaliza bila kulalamika, ukaandika `reboot`, na sasa skrini imekwama kwenye mstari unaohesabu sekunde. Ofisi nzima tayari inamjua mkosaji: toleo jipya.

Mimi huwa sianzii hapo. Seva nyingi ndogo hukaa miezi bila kuzimwa, na ndani ya miezi hiyo kuna aliyechomeka diski ya nje, kuna aliyehariri `/etc/fstab`, orodha ya diski za kupachikwa (kuunganishwa na folda) mashine inapowaka, akasahau, na kuna aliyehamisha waya wa SATA alipokuwa anapuliza vumbi. Makosa hayo hayaonekani mpaka mashine izimwe na kuwashwa, na mara nyingi siku ya kupandisha toleo ndiyo siku ya kwanza inawashwa upya. Kwa hiyo kabla ya kulilaumu toleo, linganisha kile fstab inachodai na diski zilizopo kweli. Kesi nyingi huishia hapo.

Jina kama `/dev/sda` halijaandikwa popote ndani ya diski. Kerneli, kiini cha Linux, huligawa kila inapowaka, kufuata jinsi diski zilivyojitokeza, kama namba ya foleni benki: leo umepewa 3, kesho 17, na kitambulisho chako ni kilekile. Kerneli za siku hizi hutafuta diski kadhaa kwa mkupuo, hivyo hata mashine ambayo haijaguswa inaweza kuamka `sda` na `sdb` zimebadilishana. Diski za NVMe hazijasalimika, `nvme0n1` na `nvme1n1` hupishana vilevile. Wakati mwingine hubadilika ukoo mzima wa majina. Waliopandisha kwenda Debian 6.0 mwaka 2011 waliona `hda` ikigeuka `sda`, kwa kuwa diski za IDE zilihamishiwa kwenye viendeshi vya libata. Kwenye FreeBSD 9.0, mwaka uliofuata, `ad` ikawa `ada`. Ukihamisha mashine pepe kutoka kidhibiti cha SATA kwenda virtio, `sda` inakuwa `vda`. Na kwenye mashine za Nitro za Amazon, diski uliyoiomba kwa jina la `/dev/sdf` unaikuta ndani ikiitwa `/dev/nvme1n1`.

## Kwanza, weka vitu viwili ubavuni

Popote utakapopata pa kuandikia amri, iwe hali ya dharura au flashi ya kuwashia, anza na hizi:

```
lsblk -f
cat /etc/fstab
```

Tuchukue mfano. Namba ndefu utakazoziona ni UUID, vitambulisho vilivyoandikwa ndani ya kila sehemu ya diski. `lsblk -f`, nikiondoa safu zisizotuhusu, inasema hivi:

```
sda
└─sda1 ext4  9b7e2c54-1d0f-4f3a-8a6e-52c1f0d7be19
sdb
├─sdb1 vfat  7A3C-19E2
├─sdb2 ext4  c41d08aa-6b35-4e0c-9f12-0d9e7731a2f4
└─sdb3 swap  e0f6b7d1-88c2-4a57-b1de-3a6c95f04e20
```

Na fstab inasema hivi:

```
UUID=c41d08aa-6b35-4e0c-9f12-0d9e7731a2f4 /           ext4 errors=remount-ro 0 1
UUID=7A3C-19E2                            /boot/efi   vfat umask=0077        0 1
UUID=58aa1c03-2e4f-4d8b-a0b7-c6f1d2e93b65 none        swap sw                0 0
/dev/sdb1                                 /srv/nakala ext4 defaults          0 2
```

Mistari miwili ya juu ni salama. Wa tatu unatafuta swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ambayo haipo tena: UUID zake hazifanani, dalili kwamba kuna aliyeendesha `mkswap`, au aliyesakinisha mfumo wa pili kwenye diski ileile na kisakinishi kikaifomati swapu upya. Mstari wa nne ndio wenye sumu. Alipouandika, diski ya nakala rudufu ilikuwa `sdb`. Safari hii imewahi ikawa `sda`, na `sdb1` imekuwa sehemu ya EFI ya diski kuu, yenye mafaili ya kuwashia. Mashine itajaribu kuipachika EFI kwenye `/srv/nakala` kama ext4, itashindwa, na itasimama.

Hapo tumepata bahati kwamba imeshindwa. Kama zote mbili zingekuwa ext4, ingepachika isiyo yenyewe bila kusema neno.

Usishtuke UUID ya vfat kuwa fupi. Tarakimu 8 zilizokatwa katikati ndiyo kawaida yake, haijakatika wakati wa kunakili.

## Skrini inahesabu hadi 1min 30s, kisha "You are in emergency mode"

systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, husubiri kila kifaa kilichotajwa kwenye fstab kwa sekunde 90. Kisipotokea, na mstari wake hauna neno `nofail`, huchukulia kwamba mfumo haujakamilika na hukuweka kwenye hali ya dharura. Haijali kama kilichokosekana ni folda ya picha za harusi au hifadhidata.

Ukiombwa nywila ya root, iandike, kisha:

```
systemctl --failed
journalctl -b -p err
```

Ya kwanza hutaja kwa jina upachikaji ulioshindwa, kwa mfano `srv-nakala.mount`. Tofautisha hali mbili. Kama kilichoshindwa ni `.device`, au kumbukumbu inasema `Timed out waiting for device`, basi kifaa hakikuonekana kabisa: UUID imekosewa, waya umelegea, au diski imekufa. Kama kifaa kimeonekana ila `.mount` imegoma kwa `wrong fs type, bad option, bad superblock`, basi diski ipo lakini si ile, au aina ya mfumo wa mafaili imeandikwa vibaya, au mfumo wenyewe umeharibika. Mtu akikuambia kimbilia `fsck` (ya kukarabati mfumo wa mafaili) kabla hujajua ni hali ipi, usimsikilize. `fsck` iliyoelekezwa kwenye sehemu isiyo yake ni hatari kuliko tatizo ulilonalo.

Kurekebisha:

```
mount -o remount,rw /
cp /etc/fstab /root/fstab.zamani
nano /etc/fstab
systemctl daemon-reload
findmnt --verify
mount -a
```

`daemon-reload` usiiruke. systemd hutafsiri fstab kuwa faili zake yenyewe wakati wa kuwaka, na bila amri hiyo itaendelea kushikilia nakala ya zamani. Nimeona watu wakibadilisha mstari sahihi mara kadhaa huku mfumo ukiwajibu kwa ule wa kwanza.

Diski ambayo seva inaweza kuishi bila yake iandike hivi:

```
UUID=9b7e2c54-1d0f-4f3a-8a6e-52c1f0d7be19 /srv/nakala ext4 nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2
```

Swapu ina tabia yake. Ikikosekana, mashine itasubiri sekunde zile 90 halafu itawaka kama kawaida, bila swapu. Watu huishi na ucheleweshaji huo mwaka mzima wakidhani mashine imezeeka. `swapon --show` ikirudi tupu, umemjua mwizi. Ukiona pia `Gave up waiting for suspend/resume device` mapema kabisa, UUID ya swapu ya zamani imebaki kwenye `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`. Weka mpya, au andika `RESUME=none` kwa seva ambayo hailali, kisha `update-initramfs -u`.

Na ukikutana na `Cannot open access to console, the root account is locked`, maana yake root hakuwahi kupewa nywila, jambo la kawaida pale ambapo kila kitu kilifanywa kwa `sudo`. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (programu inayopakia kerneli) bonyeza `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, badilisha `ro` kuwa `rw`, ongeza `init=/bin/bash` mwishoni, kisha Ctrl+X. Hariri fstab, andika `sync`, halafu `reboot -f`.

## Umeachwa kwenye `(initramfs)`

initramfs ni mfumo mdogo wa muda unaotangulia ili kuutafuta mzizi (`/`). Hapa hata mzizi wa mfumo haujapatikana. Juu yake utakuta `ALERT! UUID=... does not exist. Dropping to a shell!`

Mambo mawili ya kulinganisha: `cat /proc/cmdline`, inayoonyesha kerneli imeambiwa mzizi uko wapi, na `blkid`, inayoonyesha kilichopo. Kuna njia tatu kutoka hapo.

Kama `blkid` inaonyesha diski lakini kwa UUID nyingine, GRUB inashikilia anwani ya zamani. Kama haionyeshi diski yoyote, kiendeshi cha kidhibiti hakimo ndani ya initramfs; chunguza kama kuna aliyeweka `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` ili kubana nafasi, kisha diski ikahamishiwa kwenye maunzi mengine. Na kama inaonyesha diski yenyewe, UUID sahihi, imechelewa tu. Hii huwapata wanaowasha mfumo kutoka diski ya USB: andika `exit`, itaendelea kuwaka, na baadaye ongeza `rootdelay=10` kwenye mstari wa kerneli.

Waliosimba diski wana mtego wa Debian 13. Kazi ya systemd ya kufungua diski zilizosimbwa imehamishiwa kwenye kifurushi kinachojitegemea, `systemd-cryptsetup`. Kwa kawaida hujiweka chenyewe kwa sababu systemd inakipendekeza, lakini aliyezima vifurushi vinavyopendekezwa ili kuokoa bando la intaneti hatakipata. Hakikisha kipo kabla ya kuwasha upya.

Njia mbili za kwanza huhitaji flashi ya kuwashia, kisha kuingia ndani ya mfumo wako kwa `chroot`, na hatua ni hizihizi:

```
mount /dev/sdb2 /mnt
mount /dev/sdb1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do mount --bind /$d /mnt/$d; done
chroot /mnt
update-initramfs -u -k all
update-grub
```

Kama `/boot` ina sehemu yake, ipachike kabla ya EFI. Kama kuna LVM (mgawanyo wa diski unaobadilika), tanguliza `vgchange -ay`. Na usinakili `sdb2` yangu: ukiwa umewasha kwa flashi, flashi yenyewe imechukua herufi moja, kwa hiyo soma `lsblk -f` upya.

## GRUB inalia kabla ya kerneli

`error: symbol 'grub_calloc' not found` iliwaliza wengi Julai 2020, baada ya marekebisho ya udhaifu ulioitwa BootHole. Marekebisho yenyewe hayakuwa na kosa. Kwenye mashine za BIOS, kipande cha kwanza cha GRUB hukaa mwanzoni mwa diski na moduli zake hukaa `/boot/grub`. Kifurushi cha `grub-pc` hukumbuka diski ya kuandikia kwa jina lake la `/dev/disk/by-id`. Kama diski hiyo ilibadilishwa zamani, moduli huwa mpya na kipande cha kwanza hubaki cha kale. Ingia kwa chroot kama hapo juu, andika `dpkg-reconfigure grub-pc`, uchague diski nzima, si sehemu yake.

## Imewaka vizuri, ila mafaili hayapo

Hii ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu hakuna maandishi mekundu. Seva imewaka, kila mtu ameingia, na baada ya siku kadhaa `/` imejaa 100% na hifadhidata imekufa.

Fuata mtiririko. Diski ya nakala ilikuwa na `nofail`, kama nilivyoshauri. Baada ya kuwasha upya haikuonekana, na mfumo ukaendelea bila yake. Lakini folda ya `/srv/nakala` ipo daima. Diski hupachikwa juu yake tu. Usiku `rsync` ikafika, ikakuta folda tupu, ikaona hakuna kitu kilichonakiliwa, ikaanza kunakili kila kitu upya ndani ya diski kuu. Usiku wa pili ikaendelea.

Sasa unagundua, unarekebisha fstab, unapachika diski, mafaili ya zamani yanarudi, unashukuru. `df -h` bado inasema 100%. Unapima kwa `du -xsh /` inakuambia nusu tu ndiyo imetumika. Zile gigabaiti zilizonakiliwa kimakosa zimefunikwa na diski uliyopachika juu yake. Ili uzione bila kuipachua:

```
mount --bind / /mnt
du -sh /mnt/srv/nakala
```

Hiki ndicho kilichofichika. Hakikisha kweli si cha pekee, kisha kifute kupitia `/mnt`, si kupitia `/srv`. Ukikosea hapo utafuta nakala halisi. Ukikuta chini ya `/mnt` hakuna kitu na `df` bado inabisha, sababu ni nyingine: kuna mafaili yaliyofutwa huku programu bado imeyashikilia, na `lsof +L1` itayataja.

Kuzuia ni rahisi na hakuna anayefanya. Diski ikiwa imepachuliwa, andika `chattr +i /srv/nakala`. Folda tupu haitakubali kuandikwa, na diski itaendelea kupachikwa juu yake kama kawaida. Kwenye skripti ya nakala, mstari wa kwanza uwe:

```
mountpoint -q /srv/nakala || exit 1
```

Kwa huduma inayoendeshwa na systemd ambayo data yake iko kwenye diski nyingine, ongeza `RequiresMountsFor=/srv/data` kwenye sehemu ya `[Unit]`. PostgreSQL iliyokataa kuanza ni afadhali kuliko huduma iliyoanza juu ya folda tupu na kuanza kupokea wateja.

Debian 13 ina kisa chake cha mafaili "kupotea": `/tmp` sasa hukaa kwenye RAM kwa chaguo-msingi, ikiruhusiwa hadi nusu ya kumbukumbu yote. Vilivyokuwa `/tmp` kabla ya kupandisha viko palepale chini yake, na `mount --bind` ileile itakuonyesha. Kama kuna programu inayomimina mafaili makubwa humo na RAM yako ni ndogo, `systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya hurudisha utaratibu wa zamani.

## "unknown filesystem type"

Soma neno lililo kwenye alama za nukuu, linakueleza karibu kila kitu. `LVM2_member`, `linux_raid_member` na `crypto_LUKS` si mifumo ya mafaili, ni makasha. Umejaribu kupachika kasha badala ya kilichomo. Kwa mfuatano huo, fungua kwa `vgchange -ay`, `mdadm --assemble --scan`, au `cryptsetup open`, kisha pachika kinachotokea.

Ikiwa neno ni `vfat`, na kinachogoma ni `/boot/efi`, kuna jambo la kuchekesha. Linux yoyote inajua vfat. Linganisha `uname -r` na `ls /lib/modules`. Kama kerneli inayotembea haina folda yake humo, inakosa moduli zake, na uwezekano mkubwa ni kwamba `/boot` haikuwa imepachikwa wakati wa kupandisha. Kerneli mpya iliandikwa kwenye folda ya `/boot` iliyo ndani ya diski kuu, na GRUB inaendelea kusoma sehemu halisi ya `/boot` yenye kerneli ya zamani, ambayo moduli zake zilishaondolewa na `apt autoremove`. Pachika `/boot` halisi, sakinisha tena kifurushi cha `linux-image` chenye namba uliyoiona kwenye `/lib/modules` kwa `apt install --reinstall`, kisha `update-grub`. Vilivyobaki chini ya `/boot` utavikuta kwa `mount --bind`.

## RAID iliyokuwa md0 imekuwa md127

Safu ya RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) haikutajwa kwenye `mdadm.conf` iliyomo ndani ya initramfs, au jina la mashine lilibadilika, hivyo ikahesabiwa kuwa ngeni na kupewa namba kutoka juu. Data iko salama. Chukua mistari ya `mdadm --detail --scan`, iweke kwenye `/etc/mdadm/mdadm.conf`, ondoa ile ya zamani ya safu hiyohiyo, kisha `update-initramfs -u`. Kama fstab inatumia UUID ya mfumo wa mafaili, namba hiyo haikuhusu.

## Diski mbili, UUID moja

Waliotumia `dd` kunakili diski kabla ya kupandisha, kisha wakaiacha nakala imechomekwa, wamezalisha mapacha. XFS husema wazi: `Filesystem has duplicate UUID`. ext4 haisemi, unaweza kupandisha toleo asubuhi na jioni ukawa unaishi kwenye nakala. Chomoa moja. Kama lazima zikae pamoja, ipe nakala UUID mpya ikiwa imepachuliwa: `e2fsck -f` ikifuatiwa na `tune2fs -U random` kwa ext4, au `xfs_admin -U generate` kwa XFS.

## Kabla ya kugusa sources.list

Hilo ndilo faili linaloiambia `apt` toleo la kuchukua. Kabla hujaligusa, izime seva na kuiwasha ikiwa bado kwenye toleo la zamani. Isipowaka, tatizo ni la zamani na unalitatua ukiwa na mfumo unaoufahamu. Ikiwaka, endesha `findmnt --verify` na uhakikishe `mountpoint /boot` inakubali, ikiwa `/boot` ni sehemu inayojitegemea. Debian 13 inataka hiyo `/boot` iwe na angalau MB 768, na takriban MB 300 ziwe wazi. Mashine zilizosakinishwa miaka mingi nyuma mara nyingi hazifiki hapo. Badilisha kila `/dev/sd` iliyobaki kwenye fstab na kwenye `/etc/crypttab` iwe UUID. Halafu piga picha ya `lsblk -f` kwa simu, kwa sababu nakala uliyoihifadhi ndani ya seva hiyohiyo hutaweza kuisoma wakati unapoihitaji.